Tusimsingizie jangili peke yake

MUULIZE mwanafunzi yeyote wa shule ya upili jijini Nairobi ni kwa nini wanyamapori wamepungua nchini, naye atakujibu kwa neno moja kabla hujalimaliza swali lenyewe: ujangili. Jibu hilo limo vitabuni, limo katika insha za mashindano, na aghalabu mwalimu hulitia alama ya vyema bila kuuliza zaidi. Mimi sina nia ya kumtetea jangili. Mwenye kutega kitanzi cha waya kichakani ili apate nyama ya kuuza gizani ni mhalifu, na sheria haina budi kumshughulikia. Hata hivyo, nashikilia kwamba jibu hilo, likisimama peke yake, limetupumbaza kwa muda mrefu. Linaturuhusu kumnyoshea kidole mtu mmoja aliyejificha msituni, ilhali vigingi, seng'enge na hatimiliki zimo mikononi mwetu sisi wenyewe tunaoishi mchana peupe.

Leo nataka tulichunguze jambo hili kwa utaratibu, kama inavyowapasa watu wa shule. Wala hatuna haja ya kwenda Tsavo au Maasai Mara. Mfano uko mlangoni petu. Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, yenye eneo la kilomita 117 za mraba, iko umbali wa kilomita saba hivi kutoka katikati ya jiji. Kusini mwake zimetandaa nyanda za Athi na Kaputiei, na magharibi mwake iko mitaa ya Lang'ata na Karen, ikifuatwa na misitu ya Ngong Road na Oloolua. Katika eneo hili dogo msomaji anaweza kuziona sababu zote zinazotajwa, na kuzipima moja baada ya nyingine.

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba jiji hili lilizaliwa katikati ya malisho ya wanyama, na kwamba lilipata kuwa kitovu cha uwindaji duniani. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa mwaka 1899. Hoteli ya Norfolk ilipofunguliwa mwaka 1904, wageni wake mashuhuri walikuwa wawindaji. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, aliteremka garimoshi katika stesheni ya Kapiti Plains na kuanza safari ambayo ndani yake yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512. Hata Maktaba ya McMillan pale Banda Street, iliyofunguliwa mwaka 1931 na ambayo wanafunzi wengi wamedurusu ndani yake, ina jina la tajiri aliyewapokea wawindaji wa aina hiyo katika shamba lake la Juja. Wakati huo huo, Mwafrika aliyetumia upinde ili jamaa yake wapate kitoweo aliitwa mwizi wa wanyama, ilhali mgeni mwenye leseni na bunduki aliitwa mwanamichezo. Hilo nalo ni somo la historia, na linatuonyesha kwamba neno "jangili" lilibebeshwa mzigo tangu zamani.

Wageni hao waliandika kwamba kongoni, nyumbu, pundamilia na swara walitapakaa nyandani hadi ukingoni mwa mji. Mji ulipokua, baadhi ya watu, akiwemo Mervyn Cowie, walipiga kampeni patengwe mahali pa kuwahifadhi, na mbuga ikatangazwa rasmi mwaka 1946. Tangu mwaka 1977 wataalamu wa serikali wamekuwa wakiruka kwa ndege na kuwahesabu wanyama wa nyanda zote za nchi. Hesabu hizo zinaonyesha kwamba mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu wa nyanda za Athi na Kaputiei walikaribia 30,000. Kufikia muongo wa 2010 walikuwa wamebaki elfu chache tu. Msafara mkubwa uliokuwa ukiingia mbugani kila kiangazi umefifia ukawa vikundi vya kuhesabika. Kongoni, aliyekuwa mwenyeji mkuu wa nyanda hizi, naye amepungua vibaya.

Basi swali ni hili: nini kimewapata?

Kabla ya kumshtaki yeyote, tujihadhari na kosa moja ambalo hata watu wazima hulifanya. Kutomwona mnyama si sawa na kutokuwepo kwa mnyama. Mtu akizuru mbuga saa sita mchana, jua likiwa utosini, asikute kitu, hawezi kudai kwamba wanyama wamekwisha, kwani wengi wao wamejilaza vivulini. Akienda wakati wa masika, nyasi zimefika kifuani, hatamwona swara aliye hatua thelathini kutoka barabarani. Isitoshe, wakati wa mvua nyumbu na pundamilia hutoka mbugani kwa hiari yao na kwenda nyandani, wakarudi kiangazi kufuata maji ya mto Mbagathi na ya mabwawa. Kwa hiyo mchunguzi hujiuliza maswali matatu tofauti: je, wamejificha, wamehama, au wamekufa? Kila swali lina dawa yake, na anayeyachanganya hupotea njia. Hesabu za ndege zina thamani kwa sababu hiyo. Ndege haihesabu mbuga pekee, bali huhesabu na zile nyanda wanyama wanakokwenda. Hesabu ya nyanda zote ikishuka mwaka baada ya mwaka, hatuwezi tena kujifariji kwamba wamekwenda kutembea.

Sasa tumwite mshtakiwa wa kwanza, ambaye ni mwindaji. Serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ilipiga marufuku uwindaji wote wa leseni mwezi Mei mwaka 1977. Kama bunduki ya mwindaji ndiyo iliyokuwa chanzo kikuu, tungetarajia wanyama waongezeke baada ya mwaka huo. Mambo yalikwenda kinyume. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 na Joseph Ogutu na wenzake, wakitumia hesabu hizo hizo za serikali, ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1977 na 2016 wanyamapori wa nyanda za Kenya walipungua kwa wastani wa asilimia 68. Yaani upungufu mkubwa ulitokea katika miongo ambayo uwindaji halali haukuwepo kabisa. Ushahidi wa namna hii mwalimu wa sayansi angefurahi kuwaonyesha wanafunzi wake: ondoa sababu moja, kisha utazame kama tokeo linaondoka nayo.

Wako watakaosema kwamba mwindaji wa leseni aliondoka, jangili akachukua nafasi yake. Hoja hiyo ina ukweli, lakini tuipime. Kumbukumbu yetu juu ya ujangili imejaa moshi wa pembe za ndovu. Tunamkumbuka Rais Daniel arap Moi akiwasha moto tani 12 za pembe mwezi Julai mwaka 1989 katika mbuga hii hii ya Nairobi, na tunakumbuka tani 105 zilizoteketezwa hapo hapo mwezi Aprili mwaka 2016. Picha hizo zilizunguka dunia nzima, na zilikuwa na maana yake. Lakini nyumbu hana pembe ya kumtajirisha mfanyabiashara wa Mashariki ya Mbali, wala kongoni hana. Wanaowaua hutafuta nyama. Na hao wapo: mwaka 2004 nyama ya mabucha ya Nairobi ilipopimwa katika maabara, zaidi ya thuluthi moja ya vipande ilionekana kuwa nyama ya porini au mchanganyiko wake. Kwa hiyo vitanzi vya waya vina hatia. Hata hivyo, kundi lenye afya, lenye malisho na nafasi ya kuzalia, lina uwezo wa kuhimili kupotelewa na baadhi ya wanyama wake kila mwaka. Kundi lililokwisha kubanwa ndilo linalomalizwa na kitanzi. Lazima basi tuulize ni nani aliyelibana.

Mshtakiwa wa pili ni simba. Wako wanaosema kwamba simba wa mbuga wamezidi na ndio waliowamaliza swara. Hoja hii haisimami kwa muda mrefu. Simba na nyumbu wameishi pamoja katika nyanda hizi tangu kabla ya mtu yeyote kuweka jiwe la msingi la Nairobi. Mawindo yakipungua, simba naye huteseka. Tena nyumbu akiadimika, simba huvuka mto na kumrudia ng'ombe wa mfugaji. Mwezi Juni mwaka 2012 wanakijiji waliokuwa wamepoteza mifugo huko Kitengela waliwaua simba sita kwa siku moja. Simba hao hawakuwa chanzo cha upungufu, kwani wao wenyewe walikuwa wamekwisha kupungukiwa.

Mshtakiwa wa tatu ni ukame. Huyu ni mzito zaidi. Ukame wa mwaka 1961 uliwaua wanyama wengi sana katika mbuga ya Nairobi, na ule wa miaka ya 1973 na 1974 ukafanya vivyo hivyo. Mwaka 2009 mizoga ilizagaa nyandani, ya ng'ombe na ya wanyamapori bila ubaguzi, na mwaka 2022 hali ikawa ya kutisha tena. Lakini tazama tofauti. Baada ya ukame wa zamani mvua ilinyesha, nyasi zikachipuka, majike wakazaa, na baada ya miaka michache makundi yakarudia wingi wake. Ndiyo maana mwishoni mwa miaka ya 1970, si muda mrefu baada ya ukame ule mkali, nyumbu walikuwa bado makumi ya maelfu. Siku hizi ukame unapita, mvua inarudi, lakini nyumbu hawarudi. Ukame ni pigo, na mwili wenye nguvu huamka baada ya pigo. Mwili usioamka una maradhi mengine ndani yake.

Mshtakiwa wa nne hatajwi kabisa katika insha, nami namtaja kwa kuwa anatusogeza karibu na jibu. Ni nyasi ndefu. Watu wengi hudhani kwamba nyasi zikiwa nyingi na ndefu mnyama hushiba zaidi. Nyumbu na swara hupenda nyasi fupi, changa, zenye rutuba na madini, na hupenda mahali peupe ambapo humwona simba kutoka mbali. Zamani nyasi zilifupishwa na makundi makubwa ya wanyama wenyewe, na mifugo ya Wamaasai, na moto uliowashwa kwa majira. Katika mbuga yenye wanyama wachache, isiyochungwa ng'ombe wala kuchomwa moto, nyasi hurefuka na kukomaa zikawa kama makuti. Nyati huzimudu, na ndiyo sababu nyati wameongezeka mbugani, bali nyumbu hukwepa. Hivyo uchache wa wanyama huzaa nyasi ndefu, na nyasi ndefu huzidisha uchache wa wanyama.

Ikiwa mbuga pekee haiwatoshi, na haijapata kuwatosha, basi uhai wao ulitegemea nini? Ulitegemea njia. Mbuga ya Nairobi ina ua upande wa kaskazini, mashariki na magharibi. Upande wa kusini uliachwa wazi makusudi, ili wanyama wavuke Mbagathi na kwenda nyandani wakati wa mvua. Huko kulikuwa na nyasi fupi, na ndiko majike walikokuwa wakizalia na kunyonyesha. Mbuga ilikuwa ghala la kiangazi tu. Nyanda ndizo zilizokuwa shamba lenyewe. Waliochora mpaka wa mwaka 1946 walilinda ghala, shamba likaachwa kwa imani kwamba mambo yatabaki kama yalivyokuwa.

Mambo hayakubaki. Nyanda zile zilikuwa ardhi ya Wamaasai, ambao kwa desturi hawakula nyama ya porini na waliochunga mifugo yao bega kwa bega na nyumbu. Baada ya sheria ya mwaka 1968 ardhi nyingi ya Kajiado iliandikishwa kwa ranchi za vikundi. Katika miaka ya 1980 ranchi ya Kitengela iligawanywa, kila mwanachama akapewa hatimiliki yake. Mwaka 1990 ilipitishwa sheria ya maeneo ya EPZ, na viwanda vya Athi River vikavuta maelfu ya wafanyakazi waliohitaji vyumba, maduka na maji. Machimbo ya mawe yakafunguliwa ili kuijenga Nairobi, ambayo wakazi wake walikuwa milioni 2.1 katika sensa ya mwaka 1999 na milioni 4.4 katika ile ya mwaka 2019. Katika kipindi cha miaka kumi tu, kutoka mwaka 2009 hadi 2019, wakazi wa Kajiado waliongezeka kutoka 687,000 hadi milioni 1.1. Mahali palipokuwa na nyumbu pana mji wa Kitengela, ambao sensa hiyo ya mwisho iliukuta na watu zaidi ya 150,000.

Kila aliyenunua kipande alikizungushia seng'enge. Hakuna hata mmoja aliyekusudia kuwafungia nyumbu njia. Yeye alizuia mbuzi wa jirani tu. Lakini seng'enge elfu moja, kila moja isiyo na hatia, zikiunganishwa huwa ukuta. Nyumbu jike mwenye mimba akifika hapo hugeuka, akajaribu kwingine, akageuka tena, hata msimu wa kuzaa umpite akiwa katika nyasi zisizomfaa, karibu na simba. Ndama wasipokua, kundi halijazi pengo la waliokufa kwa ukame, kwa kitanzi, kwa simba au kwa gari. Hapa ndipo washtakiwa wetu wote wanapokutana. Kufungwa kwa njia kumewapa nguvu ya kuua kundi zima wale ambao zamani waliua mnyama mmoja mmoja.

Wasomaji wa mitaa ya magharibi wasidhani kwamba hayo ni ya Kitengela pekee. Karen ilikuwa sehemu ya shamba la kahawa lililouzwa mwaka 1931 na kukatwa viwanja vikubwa vya ekari nyingi. Viwanja hivyo vilizungushiwa kayaba, ua wa miiba ambao paa na pongo waliweza kupenya chini yake usiku kutoka bonde hadi bonde. Viwanja vikakatwa tena, na tena, na kayaba ikang'olewa pakajengwa kuta za mawe zenye nyaya za umeme juu yake. Mwenye nyumba akauliza mbona paa hawaonekani tena bustanini, asijue kwamba fundi wake mwenyewe ndiye aliyewafungia. Msitu wa Ngong Road ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932 ukiwa na zaidi ya hekta 2,900. Uliokatwa na kutolewa ni mwingi kuliko uliobaki, na uliobaki nao umepasuliwa na barabara ya Southern Bypass. Mnyama wa upande mmoja hawezi kumfikia mwenzake wa upande wa pili ila kwa kuhatarisha roho, na mbwa wanaozurura kutoka mitaani huwawinda wadogo kila usiku bila leseni.

Mwanafunzi mwerevu ataniuliza: mbona msitu wa Karura, ulioko kaskazini mwa Westlands, umezungushiwa ua wa umeme na wanyama wake wanaonekana kunawiri? Swali hilo ni zuri. Karura, uliookolewa na Profesa Wangari Maathai na wenzake waliopigwa pale mwezi Januari mwaka 1999, una wanyama wa msituni kama paa na pongo, ambao huweza kuishi maisha yao yote katika eneo dogo lenye vichaka. Kwao ua ulizuia mbwa na wezi wa miti. Nyumbu si mnyama wa namna hiyo. Uhai wake umo miguuni. Nchini Botswana serikali ilijenga ua wa Kuke katika miaka ya 1950 ili kuwakinga ng'ombe na ugonjwa wa miguu na midomo. Ukame ulipokuja mwanzoni mwa miaka ya 1980, makumi ya maelfu ya nyumbu walikufa wakiwa wamekwama kwenye ua huo, wasiweze kuyafikia maji. Dawa ya mmoja yaweza kuwa sumu ya mwingine. Wale wanaopendekeza tuufunge upande wa kusini wa mbuga yetu ili tumalize ugomvi wa simba na ng'ombe hawana budi kutafakari habari hiyo ya Botswana kabla ya kuagiza nguzo.

Sasa nifikie jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi ya wasomaji wangu. Ni nani waliozinunua ploti za Kitengela, Isinya na Ongata Rongai? Si matajiri peke yao. Ni makarani, ni wauguzi, na kwa wingi mkubwa ni walimu. Mwalimu aliyefundisha miaka ishirini akiishi katika nyumba ya kupanga Kangemi au Kawangware huchukua mkopo wa chama cha akiba, akanunua kipande cha futi hamsini kwa mia, akakizungushia waya na kumshukuru Mungu. Nani atamlaumu? Mimi simlaumu. Ana haki ya kuwa na paa la kumwachia mwanawe. Wala simlaumu Mmaasai aliyemuuzia, kwa kuwa naye ana karo ya kulipa na hospitali ya kuendea, na nyumbu aliyekula nyasi zake miaka yote hakumwachia hata senti. Tangu mbuga ianzishwe, faida ya wanyama imeingia kwenye lango la Lang'ata, na hasara ikabaki ng'ambo ya Mbagathi.

Lakini kutomlaumu mtu si sawa na kukubali kwamba hakuna la kufanya. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela dola nne kwa ekari kwa mwaka, sawa na shilingi 300 hivi za wakati huo, ili wasizungushe ua, wasiuze na wasiwadhuru wanyama. Fedha hizo zilitolewa kwa awamu tatu, mwanzoni mwa kila muhula, ili zisaidie kulipa karo. Wazo hilo lilikuwa la busara kupita mengi yaliyobuniwa maofisini, maana lilimgeuza nyumbu kuwa mlipa karo. Udhaifu wake ulikuwa kwamba lilitegemea wafadhili, na bei ya ardhi ilipanda kwa kasi kuliko malipo. Mtu anayeahidiwa mamilioni ya shilingi kwa ekari hawezi kushikiliwa na mia tatu. Hata hivyo, wapo wenye ardhi waliokataa kuuza, na ng'ambo ya mto kuna hifadhi ya jamii ya Naretunoi inayothibitisha kwamba mlango haujafungwa wote.

Kwa hiyo nasema hivi. Serikali Kuu na Kaunti ya Kajiado zilipe kodi ya ardhi ya wanyama kutoka katika mapato ya utalii na bajeti ya kila mwaka, kwa mikataba mirefu, wala si kwa hisani ya wafadhili. Kipande cha nyanda ambacho bado kiko wazi kichorwe katika ramani ya mipango na mgawanyo wake uwekewe kiwango, ili asiyetaka kuuza asizingirwe na wanaouza. Anayenunua ploti katika njia ya wanyama aambiwe hivyo kabla ya kutia sahihi. Na Shirika la Wanyamapori, KWS, lishughulikie nyasi za mbuga kwa bidii ile ile linayoshughulikia barabara za watalii.

Kwa walimu ninayo ombi la pekee. Msiwafundishe wanafunzi sababu za upungufu kama orodha ya kukariri. Wafundisheni kuuliza. Kumbukumbu za Taifa pale Moi Avenue zina taarifa za kila mwaka za Idara ya Wanyama ya enzi ya ukoloni. Mwanafunzi wa historia akizisoma ataona jinsi wanyama walivyoelezwa na waliowaona. Shirika la Wildlife Clubs of Kenya limekuwa likiwasaidia wanafunzi tangu mwaka 1968, na makao yake yako Lang'ata. Darasa linaloweza kufika mbugani mara mbili kwa mwaka, kiangazi na masika, njia ile ile, saa ile ile, likaandika idadi ya kila mnyama na urefu wa nyasi, litakuwa baada ya miaka kumi na daftari lenye thamani. Hesabu moja haisemi kitu, lakini kumi zikipangwa pamoja huonyesha mwelekeo.

Wala asiseme mtu kwamba hayo ni makubwa mno kwa watoto. Richard Turere, kijana Mmaasai aliyekulia kando ya mbuga hii, aliunda taa za kumulikamulika zinazowafukuza simba bomani kwa kutumia betri ya gari na vipande vya vyombo vikuukuu, naye alikuwa hajatimiza hata miaka kumi na mitano. Mwaka 2013 aliueleza ubunifu wake mbele ya hadhira ya kimataifa. Hakukariri kwamba simba ni adui wala kwamba simba ni urithi wa taifa. Alichunguza simba anaogopa nini, akagundua kwamba anaogopa taa inayotembea. Uchunguzi ule wa mtoto mmoja ulileta amani zaidi katika boma lao kuliko hotuba nyingi.

Wakati unayoyoma. Mpaka wa kusini wa mbuga ungali wazi katika baadhi ya sehemu, na kila mwezi zinauzwa ekari nyingine. Jangili akikamatwa leo, kitanzi chake hung'olewa leo. Nyumba ikishajengwa katika njia ya nyumbu haing'olewi, wala sheria haitatusaidia kuing'oa, kwa kuwa mwenye nyumba ana hatimiliki na sisi tulikuwepo tukitazama alipokuwa akichimba msingi. Tukitaka wanafunzi wa leo wawaonyeshe watoto wao nyumbu wakivuka Mbagathi, uamuzi ni wa miaka hii michache, kabla vipande vya mwisho havijauzwa.